Choo chenye ukoko wa maji chumvi: jiki haitakusaidia

Nasafisha nyumba za watu Dar es Salaam, na simu ninayopigiwa zaidi ni hii: "Nimemwaga jiki chupa nzima, choo bado hakijatakata." Hakitatakata. Visima vingi vya huku vinatoa maji chumvi, na yakikauka yanaacha ukoko wa chokaa. Jiki inaondoa rangi na kuua vijidudu tu. Ukoko unaweza kuwa mweupe pee na bado ukakwaruza kidole. Chokaa dawa yake ni kitu kichachu.

Hatua ya 1. Sukuma maji ya kwenye sinki la choo kwa brashi yashuke, ukoko ubaki nje. Ukiruka hapa, siki itazimuliwa na maji na utasema nimekudanganya.

Hatua ya 2. Bandika tishu juu ya ukoko, mwagia siki nyeupe mpaka ilowe chepechepe. Sogeza sikio: utasikia inachachatika, na vipovu vidogo vinapanda pembeni mwa tishu. Ndiyo chokaa inayeyuka hiyo. Ukoko wa miaka uache ulale na siki hadi asubuhi, kisha sugua kwa brashi. Ndimu nazo zinafaa, ila utakamua mpaka uchoke. Waya wa masufuria usiuguse. Unakwaruza, na uchafu utashika palepale. Siki isidondokee sakafu ya terazo, inaila.

Hatua ya 3. Flashi mara mbili, suuza kila mahali. Siki, au dawa ya choo yenye asidi, ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilivichanganya kwenye bafu lisilo na dirisha, nikidhani nguvu zitaongezeka. Nilitoka mbio, machozi yananitoka, kifua kikabana mpaka jioni.

Hatua ya 4. Sasa jiki. Vaa glovu, fungua mlango. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 na vikombe 6 vya maji baridi, pakaza, subiri dakika 10, suuza. Iliyobaki usiitunze, inapoteza nguvu.

Kama kuna michirizi ya kahawia chini ya tundu la maji, hiyo ni kutu. Usiipeleke kwenye jiki, itazidi kukolea. Irudishie siki, siku nyingine.