Kutoka Nairobi mpaka Debre Libanos: namna ya kutembelea monasteri ya mlimani kwa siku moja bila kuchezwa

Tangu nirushe picha za Mama amejitanda shuka nyeupe kwa ukingo wa lile bonde kubwa, kila mtu kwa chama yetu anataka kujua tulilipa ngapi na tulipitia wapi, na kuna mmoja alikuwa ameshaapa tulienda Israeli. Hapana. Ni Ethiopia, hapa tu kwa majirani, na monasteri yenyewe inaitwa Debre Libanos, kama kilomita 100 kaskazini ya Addis Ababa. Nimeenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu, mara ya pili nikaenda na Mama na ikawa poa kabisa, kwa hivyo soma haya kama maneno ya mtu ameshalipa karo.

Tuanze na hesabu ya Nairobi. Ndege ya JKIA kwenda Bole, uwanja wa ndege wa Addis, ni masaa mawili hivi, yaani ni chini ya kutoka tao mpaka Rongai Ijumaa jioni mvua ikinyesha. Unatoka Ijumaa, Jumamosi yote ni ya monasteri, Jumapili unakunywa kahawa na kurudi, Jumatatu uko kazini na macho mekundu kidogo. Kuna watu hupenda kubana mambo eti niko na masaa sita ya kungoja ndege nyingine pale Bole, nikimbie nirudi. Usijaribu, maana barabara peke yake ni masaa mawili na nusu kwenda na mengine kama hayo kurudi, na hapo hujapanda mlima wala hujakula, ndege itakuacha ukiwa bado unatafuta viatu vyako mlangoni mwa kanisa.

Mkenya hahitaji viza. Pasipoti iwe na miezi sita mbele, na ubebe kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, na hiyo sindano udungwe mapema juu kadi huanza kuhesabika siku 10 baada ya chanjo, si siku ile ile. Pesa yao ni birr, badilisha dola ukifika na uombe noti ndogo ndogo. Najua Safaricom wako huko tangu 2022 na M-Pesa yao ikafuata 2023, lakini pale getini kwa monasteri mzee anataka noti mkononi, usimwonyeshe simu.

Sasa kuja kwa kitu ya maana. Kuna dereva, na kuna mwongozaji, na hao ni watu wawili tofauti hata kama tangazo limeandikwa vizuri namna gani. (Na ukiwa Bole usimwite mwongozaji wako "gaidi" kwa Kiswahili cha haraka, kuna siku utakutana na askari ameishi Mombasa.) Mara yangu ya kwanza, ajenti mmoja niliyempata mtandaoni aliniuzia "siku nzima ya kuongozwa", asubuhi ikaja gari safi na kijana mpole sana, akaendesha vizuri, tukafika, akaegesha, akanionyesha kanisa kwa kidole, akalaza kiti akalala. Mimi nikazunguka nikaona kanisa kubwa la mawe lenye vioo vya rangi, zuri, lakini la juzi juzi tu, nikapiga picha nne na dakika ishirini baadaye nikarudi kwa gari nikijiuliza hiyo historia watu wanasema iko wapi.

Na hapo ndipo siri ya hii mahali iko. Jengo ni la miaka ya 1960, lilijengwa wakati wa Haile Selassie. Monasteri ni ya karne ya 13, ilianzishwa na mtakatifu wao Tekle Haymanot, lakini ya zamani iliteketezwa 1531 na majeshi ya Ahmad Gragn, imamu wa Adal, na karne zilizofuata hazikuwa na huruma pia. Kwa hivyo historia haiko kwa ukuta, iko kwa mdomo wa mtu. Bila mtu wa kukusimulia umeenda kuona kanisa la kawaida tu, na kanisa tuko nalo hapa Nairobi kila kona.

Kwa hivyo kabla hujatuma hata senti ya deposit, muulize ajenti hivi, na umuulize kwa maandishi ndio baadaye kusiwe na "sikusema". Mwongozaji ataingia na sisi ndani ama atabaki kwa gari? Ako na leseni? Kiingilio cha monasteri kiko ndani ya bei, na kupitia lile daraja la Wareno mkirudi, na chakula, na ile kitu ya shemasi? Hiyo ya shemasi watu wengi hawaijui: hata ukienda na mwongozaji wako wa Addis, pale monasteri kuna mtu wao, mara nyingi shemasi, anayewapokea na kuwazungusha, na yeye anazungumza Kiamhari na mwongozaji wako anatafsiri. Wawili hao ndio wanafanya safari iwe safari. Mkiwa watatu au wanne, gari lenu peke yenu litawafaa kuliko kujiunga na kundi la wageni, kwa sababu na kundi hakuna vile utamwambia dereva ngoja kidogo Mama bado anaomba.

Swali lingine usilione aibu ni usalama. Barabara hiyo ya kaskazini imekuwa na matatizo miaka ya karibuni, kuna vipindi watu wamesimamishwa na kutekwa, kwa hivyo uliza wiki ya safari, halafu uliza tena jana yake usiku, na mwongozaji akikwambia kesho hapana, kubali. Asiyekubali kuahirisha ndiye wa kuogopa. Kwenye vizuizi vya askari simu inaingia mfukoni.

Siku ya kwenda nayo ina hesabu yake. Mvua yao kubwa ni Juni hadi Septemba, na ukungu ukijaa kwa bonde huoni kitu. Oktoba mpaka Februari ndio tamu. Halafu kumbuka tarehe 24 ya kila mwezi wa Kiethiopia ni siku ya Tekle Haymanot, na kubwa zaidi ni ile inayoangukia Agosti 30 yetu, mahujaji ni wengi mno, unaweza kupenda ama kuzimia, jijue. Wakati wa kwaresima yao, ambayo ni siku 55, na kila Jumatano na Ijumaa, hawali nyama, maziwa wala mayai, lakini hiyo isikusumbue, ile sinia ya injera, ule mkate wao mpana na laini, na dengu na shiro, ule mchuzi wao mzito, na mboga ni tamu kushinda nyama yao kwa maoni yangu. Kama hujawahi kula injera, nenda kwanza hoteli yoyote ya Waethiopia hapa Nairobi ufanye mazoezi ya kumega na mkono wa kulia, usiende kuaibika mlimani.

Saa nayo. Mwongozaji wetu aliniandikia kwa Kizungu kwamba tunatoka saa 1, na mimi na Kizungu changu cha ofisi nikajua ni mchana, nikaanza kulalamika hapo hapo kwamba huyu jamaa ni mvivu, tutafika jioni. Mama akaniuliza, "Kwani wewe siku hizi unasoma saa ya wapi? Saa moja ni saa moja." Na alikuwa sawa! Waethiopia wanahesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi tu, saa moja yao ni saa moja yetu, tofauti ni kwamba wao wanaitumia hata wakiongea Kizungu. Kalenda ndiyo itakuchanganya, wako na miezi 13 na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au nane, kwa hivyo tarehe ukipewa uliza ni ya kwao ama ya kwetu.

Mavazi: wanawake rinda refu na kitu ya kufunika kichwa na mabega, leso inatosha ingawa utatamani netela, ile shuka yao nyeupe nyepesi, nunua Addis kabla ya siku ya safari. Wanaume suruali ndefu. Viatu vinatoka mlangoni, sasa vaa vya kuvua haraka na soksi nzito maana sakafu ni baridi. Wanaume na wanawake wana milango na pande zao, fuata mwongozaji usijifanye mjuaji. Na kuna desturi kwamba mwanamke akiwa kwa siku zake haingii ndani, anabaki uani na wengine wengi tu, hakuna anayekukagua lakini ni vizuri kujua mapema ndio upange tarehe yako.

Beba sweta. Sisi wa Nairobi tunajiona tumezoea juu lakini tuko kama mita 1,800, Addis ni zaidi ya 2,300, na gari likitoka mjini linapanda Entoto kwanza, karibu mita 3,000, kabla ya kushuka Sululta. Mama kichwa kilimgonga hapo, tukampa maji na tukaenda polepole. Baada ya hapo ni mashamba na nyasi na farasi, kama Kinangop hivi lakini miti michache, halafu ghafla nchi inakatika na unaona korongo la mto Jemma, ambao maji yake yanaishia kwa Nile. Monasteri imekaa kwa rafu chini ya jabali hapo, si kwa kilele kama wengi wanavyodhani. Hilo neno Debre ndilo maana yake mlima, na monasteri pia.

Ukiwa ndani, usikimbilie picha. Mwache shemasi aongee. Atakuambia Tekle Haymanot alisimama akiomba kwa miaka mingi mpaka mguu mmoja ukakatika, ndio maana kwa picha zote ako na mguu mmoja na mabawa. Atakuambia mkuu wa hapa, Echege, kwa karne nyingi alikuwa wa pili kwa nguvu kwa kanisa lote la Ethiopia. Kisha muulize 1937, kwa sababu wengine hawaanzi wenyewe. Februari mwaka huo kulikuwa na jaribio la kumuua Graziani, mkuu wa Waitaliano waliokuwa wameteka Ethiopia, pale Addis, naye akaamua watawa wa Debre Libanos walijua. Mwezi Mei, watu wakiwa wamekuja kwa sikukuu, wanajeshi wakazingira, wakawabeba kwa malori mpaka sehemu inaitwa Laga Wolde na wakawapiga risasi, na baadaye mashemasi vijana nao. Ripoti za Waitaliano wenyewe zilihesabu mamia, watafiti waliokuja baadaye wakafikisha kati ya 1,400 na 2,000. Mwongozaji wetu alipomaliza kutafsiri hakuna mtu aliongea, Mama akauliza tu kama kuna mahali pa kuwasha mshumaa.

Pango la mtakatifu liko juu, mwendo wa robo saa hivi kwa njia ya mawe, wazee wachukue fimbo. Maji ya baraka yanadondoka huko na watu wanakuja na chupa.

Ukitoka, mlipie shemasi kwa mkono na kwa heshima, halafu mwambie dereva mpite lile daraja wanaloita la Wareno. Wareno hawakulijenga, lilijengwa mwisho wa karne ya 19 na Ras Darge, bwana mkubwa wa Kiethiopia wa enzi hizo, lakini hadithi ni tamu na mandhari ni tamu zaidi. Hapo ndipo utaona gelada, wale nyani wenye alama nyekundu kifuani wanaokula nyasi kama kondoo, na ambao hawapatikani porini mahali pengine popote nje ya Ethiopia. Usiwape chakula na ufiche ndizi. Kama uko na rafiki Mborana wa Marsabit ama Moyale mwende naye, wenyeji wa hapo wengi wanaongea Kioromo na mtu mmoja kama huyo ndiye alitupatanishia bei ya kahawa, sisi tukabaki kutabasamu. Hiyo kahawa inakuja mara tatu, ya tatu inaitwa baraka, usiinuke kabla yake.

Anzeni kurudi saa tisa, msiingiwe na giza njiani.

Na maji ya pango yafunge kwa begi kubwa la kusajiliwa. Mama aliyaweka kwa mkoba, askari wa Bole akayashika akasema ni zaidi ya mililita 100, hayapiti. Mama akamwangalia, akafungua chupa, akayanywa yote hapo hapo kwa foleni, akamrudishia chupa.