Pima gari lako kabla kona haijalipima

Wanaonijia kujifunza udereva huanza na usukani. Mimi huanza na futi ya kupimia, wajue kwanza gari lao ni jepesi kiasi gani kupinduka.

1. Pima toka katikati ya tairi la kushoto mpaka katikati ya la kulia. Tuseme umepata sentimita 150. Nusu yake, 75, igawe kwa kimo cha kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa gari unapolingana, toka ardhini. Kimo hicho futi haikipati, kwa hiyo tukadirie sentimita 70 kwa gari refu la familia. Jibu ni 1.07. Magari mengi ya chini hupata 1.3 mpaka 1.5. Wakaguzi wa usalama barabarani wa Marekani, NHTSA, hutumia hesabu hiyohiyo. Jibu likiwa dogo, gari ni jepesi kupinduka.

2. Sasa pakia mzigo, na hapa usiwe na haraka. Gari hilo lina kilo 1,800. Ukifunga kilo 150 kwenye keria, sentimita 190 toka ardhini, kitovu kinapanda mpaka 79 na jibu linashuka mpaka 0.95. Kilo zilezile ukizilaza sakafuni, kitovu hakipandi. Kwa hiyo magunia yakae chini, juu weka magodoro. Na uyafunge: mzigo unaohama kwenye kona hulisukuma gari upande uleule linakolalia.

3. Jaza upepo tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, sicho cha gari lako.

4. Punguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona. Ukitoka 40 kwenda 60 kwa saa, nguvu inayokutupa nje haiongezeki nusu, inakuwa mara mbili na robo.

5. Tairi likitoka nje ya lami, mikono ndiyo hukosea. Dereva hushtuka, anakata usukani kwa nguvu, tairi linagonga ukingo wa lami au kuzama kwenye udongo laini, na gari linajikwaa kama mtu. Magari mengi hupinduka kwa kujikwaa hivyo. Wewe shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa ghafla. Endelea sambamba na lami mpaka mwendo uishe nguvu, tazama nyuma, ndipo urudi polepole. Lifanyie mazoezi uwanjani, kwa mwendo wa kutembea, mpaka mikono iache kushtuka.