Namna ya Kucheza Mapigano ya Fada ya 1987 kwa Visanamu Mezani

Mapigano ya Fada, kaskazini mwa Chad, tarehe 2 Januari 1987, yanafaa sana kuchezwa mezani kwa sababu upande uliokuwa na silaha nzito ndio ulioshindwa. Kikosi cha Libya kilikuwa na vifaru vya T-55 na magari ya deraya ya BMP-1, ilhali askari wa Chad, chini ya Hassan Djamous, walikuja na magari ya Toyota, baadhi yakiwa yamefungwa mitambo ya makombora ya MILAN yaliyotengenezwa Ulaya. Ni makosa kuvipunguzia vifaru nguvu ili Chad ishinde. Kinachopaswa kupungua ni wepesi wa makamanda wa Libya kutoa amri.

Visanamu vya uwiano wa 1 kwa 100 vinatosha, kwenye meza ya sentimita 180 kwa 120, kila sentimita ikihesabiwa kuwa mita 20. Kambi ya Libya iwekwe upande mmoja, ikiwa na vifaru 12 katika makundi manne. Chad ipate Toyota 12, nazo katika makundi manne, kila kundi likiwa na gari moja la MILAN. Fada iko Ennedi, nchi ya majabali, kwa hiyo tawanya mawe ya kutosha: Toyota isiyo na pa kujificha haimalizi zamu mbili.

Zamu huendeshwa kwa karata za kawaida. Changanya sita nyekundu za Chad na tatu nyeusi za Libya, uzifunue moja moja. Kila karata huruhusu kundi moja la upande huo kusogea kisha kufyatua, lakini kundi lolote lisitumie zaidi ya karata mbili katika zamu moja. Hivyo kila zamu kuna angalau kundi moja la Libya linalokaa bila amri, na kuchagua lipi liachwe ndiyo kazi ngumu ya mchezaji wa Libya. Toyota husogea sentimita 30, kifaru 15.

MILAN inahitaji uangalifu zaidi. Hufika mita 2,000, yaani sentimita 100 za meza, lakini kombora huongozwa kwa waya, na kwa umbali huo mpigaji hulazimika kushikilia shabaha kwa sekunde 12 hivi. Kwa hiyo, ukifyatua kupita sentimita 50, usirushe dadu papo hapo. Subiri karata inayofuata ifunuliwe na kutekelezwa. Ikiwa ni nyeusi, na kifaru kikaipiga Toyota hiyo, kombora limepotea. Ikinusurika, dadu ya 3 au zaidi hukiteketeza kifaru. Karata hiyo moja ndiyo inayowafanya wachezaji wainuke vitini.

Kifaru huhitaji 4 au zaidi kuipiga Toyota iliyosimama, bali 6 tupu kwa iliyotoka kusogea zaidi ya sentimita 20. Toyota ikipigwa, imekwisha.

Mamia ya askari walikufa Fada, na jamaa zao wengi wangali hai. Visanamu vilivyoanguka viondolewe mezani kwa staha, bila kejeli.

Chad hushinda ikiwa na magari matatu ndani ya kambi mwishoni mwa zamu ya nane, la sivyo Libya imeshinda. Kisha badilishaneni pande mcheze tena siku hiyohiyo, kwani aliyeendesha Toyota kwanza hujilinda kwa busara zaidi akipewa vifaru.