Ukiambiwa "Nimekosea Kutuma": Namna ya Kujikinga na Matapeli wa Simu

Tapeli wa simu hahitaji werevu mkubwa, bali anahitaji wewe uwe na haraka. Kwanza unaingia ujumbe ulioandikwa kama muamala halisi, wenye kiasi, tarehe na hata salio jipya, na kabla hujamaliza kuusoma simu inaita: "Samahani mama, hiyo laki na nusu ilikuwa ya mgonjwa, naomba unirudishie sasa hivi."

Shangazi yangu, anayeuza vitenge, alipigiwa hivyo wakati wateja wamejaa dukani, naye alirudisha pesa ambazo hakuwahi kuzipokea. Jioni tuliposoma ule ujumbe kwa utulivu, tuliona kwamba ulitoka kwenye namba ya kawaida inayoanza na 07, na kwamba sifuri zote zilikuwa herufi O.

Usitegemee macho peke yake, kwa kuwa hata jina la mtumaji huweza kuigwa. Kata simu, ingia mwenyewe kwenye menyu ya mtandao wako, kisha uangalie salio, maana salio lililoandikwa kwenye ujumbe wa mtu si salio lako. Likiwa halijaongezeka, hakuna cha kurudisha. Likiwa limeongezeka kweli, mwambie aliyekosea awasiliane na huduma kwa wateja ya mtandao wake ili muamala urejeshwe kwa utaratibu. Ukimtumia wewe, hasa kwa namba nyingine, naye akaomba ule wa awali urejeshwe, utakuwa umelipa mara mbili.

Wapo pia wanaojiita wafanyakazi wa kampuni ya simu na kudai kwamba laini yako inafungiwa. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) imekuwa ikiwakumbusha wananchi kwamba watoa huduma huwapigia wateja kwa namba 100 tu. Mfanyakazi wa kweli hana haja ya namba yako ya siri wala tarakimu zilizoingia kwa ujumbe mfupi. Akikuelekeza ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba usiyoijua, kataa, kwa sababu simu zako zitaelekezwa kwake. Kama umeshabonyeza, piga ##002# ili kuufuta uelekezaji huo.

Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao sasa umekuwa utani mitaani ingawa bado unawaliza watu, usiufute: upeleke kwenye namba 15040, ya kuripoti matapeli, na ufuate maelekezo yatakayorudi. Hakiki pia kwa *106# kama kuna laini nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ikiwa pesa zimeshaondoka, piga 100 papo hapo na uombe muamala uzuiwe kabla tapeli hajafika kwa wakala, kwani zikishatolewa taslimu ni vigumu kuzirudisha. Baada ya hapo nenda kituo cha polisi ukachukue RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), ukiwa na simu yenyewe na ujumbe wote ukiwa haujafutwa.