Jinsi ya kuomba vibali vya kupangisha nyumba kwa wageni wa muda mfupi Mombasa

Anayetaka kupangisha nyumba yake Mombasa kwa wageni wa siku mbili au wiki moja mara nyingi huanza kwa kununua mashuka meupe na kumwita mpiga picha, na tangazo likishapanda mtandaoni ndipo askari wa kaunti hubisha hodi kuulizia leseni. Mwongozo huu unaanza na karatasi, na katika karatasi zenyewe unaanza na ile ambayo wengi huiacha mwisho, yaani uthibitisho kwamba una haki ya kuitumia nyumba hiyo kwa biashara hiyo.

Kwanza ni vyema kuelewa unaomba kwa nani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti leseni za biashara, utalii wa eneo, huduma za zimamoto na mipango ya matumizi ya ardhi, ilhali Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, hutoa leseni ya kitaifa kwa shughuli za utalii, zikiwemo nyumba za wageni, vila na fleti zenye huduma. Kibali cha kaunti hakichukui nafasi ya leseni ya Mamlaka, wala leseni ya Mamlaka haimzuii afisa wa kaunti kukufungia mlango. Tangu Januari 2024, wanawake walipouawa katika nyumba za kupangishwa kwa siku jijini Nairobi na serikali ikaagiza nyumba za aina hiyo zisajiliwe, hoja ya kwamba "hii ni nyumba yangu tu, si hoteli" haina tena wa kuisikiliza.

Hakikisha pia uko kaunti gani, jambo ambalo si la mzaha katika pwani hii. Shanzu ni Mombasa, lakini ukivuka daraja la Mtwapa umeingia Kilifi. Likoni ni Mombasa, ilhali Diani ni Kwale. Kila kaunti hupitisha Sheria yake ya Fedha inayotaja ada zake, kwa hiyo kiasi alicholipa jirani yako wa ng'ambo ya mkono wa bahari hakikuhusu.

Hatua ya kwanza, basi, ni haki ya matumizi. Ikiwa nyumba ni yako, andaa nakala ya hati miliki na uhakikishe kwamba kodi ya ardhi ya kaunti haina malimbikizo, kwa kuwa deni hilo hujitokeza mara tu nambari ya kiwanja inapoingizwa kwenye mfumo wa malipo wa kaunti. Ikiwa umepanga na unataka kupangisha wengine, mkataba wako lazima uruhusu jambo hilo kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo ya mwenye nyumba hupotea siku wapangaji wa juu wanapolalamikia muziki. Katika majengo ya fleti yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, kuna shirika la wamiliki lenye kanuni zake, na ni kwa katibu wa shirika hilo unakopaswa kuandika barua ukieleza idadi ya vyumba, idadi ya wageni kwa mara moja, mahali watakapoegesha magari na nani atakayewapokea usiku. Iombe barua ya majibu iliyopigwa muhuri, kwani bila hiyo bawabu wa langoni anaweza kumrudisha mgeni aliyekwisha kulipa.

Nyumba ya kuishi inayogeuzwa kuwa ya wageni watupu, hasa iliyo kwenye kiwanja cha peke yake, inaweza kuhitaji kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Ombi hilo huandaliwa na mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa, hutangazwa ili majirani wapate nafasi ya kupinga, na ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote yaliyosalia. Uliza ofisi ya mipango ya kaunti kabla hujalipa ada yoyote nyingine. Kwa nyumba za Mji wa Kale, ambao ni eneo la hifadhi, usibomoe baraza wala kubadilisha mlango wa nakshi au roshani kabla ya kuzungumza na Makavazi ya Kitaifa, hata kama fundi anakuambia kazi ni ya siku moja.

Hatua ya pili ni fupi. Pata PIN, yaani nambari ya mlipa kodi, kutoka Mamlaka ya Mapato, na ikiwa utafanya biashara kwa jina lisilo lako, lisajili jina hilo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Jina la kwenye cheti liwe lile lile litakalokuwa kwenye kibali cha kaunti, herufi kwa herufi.

Hatua ya tatu ni kibali cha biashara cha kaunti. Fomu huuliza aina ya biashara, ukubwa wake na mahali ilipo hadi wadi, na kutokana na majibu hayo mfumo hutoa ankara. Andika idadi ya kweli ya vyumba, kwa maana mkaguzi atahesabu vitanda. Lipa kwa nambari iliyo kwenye ankara pekee na utunze risiti. Malipo ya huduma za serikali ya kitaifa nayo hupita eCitizen, kwa nambari ya malipo 222222, kwa hiyo dalali anayekuomba utume fedha kwenye simu yake "ili faili isogee" anaisogeza faili ya mfuko wake.

Kibali hicho huandamana na ukaguzi wa zimamoto na wa afya ya umma, na hapa ndipo maombi mengi hukwama. Afisa wa zimamoto hatosheki na kuona mtungi wa kuzimia moto umetundikwa ukutani. Huushusha, akatazama mshale kwenye kipimo na kadi inayoonyesha tarehe ya huduma ya mwisho, halafu hugeukia madirisha. Nilipokaguliwa mara ya kwanza, katika nyumba ya vyumba vitatu Bamburi, mitungi ilikuwa mipya na nilijiona nimemaliza, hadi afisa aliposimama mbele ya grili ya chumba cha nyuma na kuuliza ufunguo wa kufuli uko wapi. Ulikuwa kwa keateka, yaani mtunza nyumba, naye alikuwa amekwenda sokoni Kongowea. Afisa aliandika mstari mmoja tu kwenye fomu yake, nami nikarudi foleni. Kila grili na kila mlango wa kutokea lazima ufunguke kutoka ndani bila kumtafuta mtu. Afisa wa afya naye hutazama maji ya tangi, choo, taka na jikoni. Ukiwapikia wageni chakula kwa malipo, utahitaji leseni ya chakula na vyeti vya afya vya wapishi, na pombe ina leseni yake mbali.

Hatua ya nne ni leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Omba mtandaoni ukiambatanisha kitambulisho au cheti cha usajili, PIN, hati miliki au mkataba, pamoja na kibali cha kaunti, kisha usubiri ukaguzi wao. Ni vyema aliyepo siku hiyo awe mtu anayeijua nyumba, anayeweza kueleza jinsi mgeni anavyotambuliwa anapofika. Daftari la wageni lenye jina, nambari ya kitambulisho au pasipoti, siku ya kuingia na ya kutoka liwe tayari mezani.

Daftari hilo linakuletea wajibu mwingine usiotarajiwa na wengi. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, biashara za ukarimu hutakiwa kujisajili na Kamishna wa Data hata zikiwa ndogo, na cheti chake hudumu miezi 24. Nakala za pasipoti za wageni zisikae kwenye simu ya keateka.

Baada ya hapo kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2 ya mapato ya jumla, unaolipwa kila mwezi kwa Hazina ya Utalii, na taarifa ya kodi ya mapato ya kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Mapato. Mauzo yanayotozwa kodi yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, unapaswa kujisajili kwa kodi ya thamani ya ziada ya asilimia 16. Tundika vibali vyote karibu na mlango wa kuingilia. Kwa kuwa kibali cha kaunti na leseni ya Mamlaka huhuishwa kila mwaka, huku huduma ya mitungi ikiwa na tarehe yake, mwite fundi wa mitungi mwezi mmoja kabla ya kibali kuisha ili mkaguzi akifika akute kadi mpya.