Namna ya kufuatilia mijadala ya uchumi wa dunia ukiwa Tanga, bila kukurupuka na hela yako

Nauza spea za pikipiki Ngamiani, na pia ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kwa kazi hizi mbili siwezi kuzipuuza habari za riba za Marekani, ushuru wa Donald Trump au bei ya dhahabu. Tairi, cheni, spoketi na bringi zilizomo dukani mwangu zimetoka China na India, zimenunuliwa kwa dola, na akiba ya wenzangu nimekabidhiwa niilinde. Naeleza hapa ninavyofuatilia mijadala hiyo, huenda ikamfaa mwenye duka, mwenye shamba au mwenye kikundi.

Kila habari ya uchumi wa dunia naiuliza kwanza: inaingia Tanga kwa mlango gani, na itachukua muda gani kufika? Milango ninayoijua ni minne: dola, mafuta, mazao na madini tunayouza nje, na riba. Habari isiyopita mlango wowote kati ya hiyo naisikiliza kwa kujielimisha, lakini hela siigusi.

Wazee wa Tanga wanajua mambo ya mbali yanavyofika. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukastawi hadi mwaka 1964 nchi ilipozalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha wanunuzi wa Ulaya na Marekani wakahamia kamba za nailoni na plastiki, bei ikaporomoka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama tani 20,000. Mashamba mengi ya Korogwe na Muheza yakawa vichaka. Mkata mkonge wa Hale hakuulizwa. Ila jambo lile halikutokea usiku mmoja. Lilikuja mwaka baada ya mwaka, na mwenye kuandika bei angeliona likija.

Anza na daftari

Nunua kaunta buku. Kila Ijumaa nikitoka msikitini naandika humo namba nne: dola, petroli ya Tanga, dhahabu kwa wakia, na riba ya hatifungani (karatasi ya kuikopesha Serikali au taasisi kwa miaka kadhaa, ikulipe riba) katika mnada wa mwisho.

Ya dola naitoa kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania. Pale utakuta bei ya kununua, ya kuuza na ya wastani. Chukua ya kuuza, maana wewe ndiye unayeitafuta dola. Kando yake andika kiwango alichokutajia wakala wako wa Kariakoo siku hiyohiyo. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo la kuangalia kuliko namba zenyewe. Zikikaribiana, dola zipo. Ya wakala ikianza kuiacha mbali ile ya Benki Kuu, dola zimeadimika, na mzigo utakawia au utapanda, hata kama hakuna aliyelitangaza.

Maoni ya watu usiyachanganye na namba. Yape kurasa za nyuma: nani kasema nini, lini, na kasema litatokea lini. Baada ya miezi utawajua wanaosema kweli na wanaosema tu. Ukurasa huo umenifaa kuliko kitu chochote kingine humo.

Dola na riba za Marekani

Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mwezi Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 mwezi Julai 2023, ili kuukata mfumuko wa bei kwao. Mwenye fedha zake popote duniani akaona afadhali akae na dola, alipwe vizuri bila wasiwasi. Huku kwetu dola zikawa haba. Shilingi iliyokuwa imetulia kwenye 2,300 na kidogo ikavuka 2,700 mwaka 2024. Septemba ya mwaka huo Benki Kuu ya Marekani ikaanza kushusha riba, na mwaka 2025 Rais Trump alimshinikiza hadharani mwenyekiti wa benki hiyo, Jerome Powell, ashushe kwa kasi zaidi.

Wanaomuunga mkono Trump wanasema riba kubwa inaua ajira na kuwaongezea Wamarekani mzigo wa deni la serikali yao. Wanaompinga wanasema benki kuu ikianza kupokea amri za mwanasiasa, watu wataacha kuiamini sarafu yake. Mimi sina kura katika hilo. Ninachoandika daftarini ni kwamba katika nusu ya kwanza ya 2025 dola ilipoteza kama asilimia 10 mbele ya sarafu nyingine kubwa, na bado kwetu mwezi Mei ilikuwa karibu 2,700. Kwa nini? Kwa sababu shilingi ina msimu wake. Miezi ya mwanzo wa mwaka mazao mengi yameshauzwa na watalii wamepungua, kwa hiyo shilingi hulegea. Nusu ya pili watalii wanaingia, korosho na mazao mengine yanauzwa, shilingi inakaza. Kufikia Oktoba 2025 dola ilikuwa karibu 2,450.

Sasa chukua mzigo wa dola 400. Kwa 2,700 unalipa shilingi 1,080,000. Kwa 2,450 unalipa 980,000. Ni laki moja kwa mzigo uleule, bila kubembeleza mtu wala kupunguza ubora. Ndiyo maana oda kubwa za tairi naziweka kuanzia Septemba, na kati ya Machi na Juni nanunua vinavyozunguka haraka tu: plagi, nyaya za klachi, brekishu. Lakini tafadhali usikope ili kuuwahi msimu. Msimu ukichelewa, marejesho hayachelewi.

Jambo jingine ambalo wenye maduka wengi hawalitumii: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za humu nchini kutozwa kwa fedha za kigeni. Wakala akikutajia bei kwa dola, mwombe akuandikie kwa shilingi na umuulize ametumia kiwango gani. Akiona umeshika kaunta buku, mazungumzo yanakuwa ya heshima.

Ushuru wa Trump wa Aprili 2025 naupima kwa njia hiyohiyo. Tanzania ilipangiwa asilimia 10, na bidhaa za China zilifikishwa asilimia 145 kabla ya kupunguzwa mwezi Mei baada ya mazungumzo. Watu wakasema Wachina watamwaga mali Afrika kwa bei ya kutupa. Inawezekana kabisa. Namna ya kujua ni kumuuliza wakala bei ya dola kiwandani ya kitu kimoja kilekile, chapa ileile, na kuiandika mwezi hadi mwezi. Usiangalie bei ya shilingi, humo mna mchanganyiko wa dola, nauli na faida ya watu. Tairi zangu kwa bei ya dola hazikushuka. Nikajua habari ile bado haijafika Ngamiani.

Mafuta

Hapa Tanga tuna bahati: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hutaja bandari tatu kila moja na bei yake, Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Soma safu ya Tanga, usibebwe na kichwa cha habari cha Dar. Kumbuka pia kwamba mafuta unayojaza leo yalinunuliwa wiki nyingi nyuma. Juni 2025, vita vya Israel na Iran vilipoanza, pipa lilipanda kutoka chini ya dola 70 hadi karibu 79, na vita vilipositishwa baada ya siku 12 likarudi chini. Aliyekimbilia kujaza madumu alijaza bure, na aliweka moto ndani ya nyumba yake.

Klipu ya "dola inakufa"

Hili ndilo lililotutoa jasho kikundini. Katika mkutano mmoja wa Jumapili, Chumbageni, mwenzetu alileta klipu: bwana mmoja mwenye suti anasema dola inakufa, benki zote za dunia zinakimbilia dhahabu, mwenye akili atoe akiba yake sasa. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Mama yetu mmoja anayeuza samaki Deep Sea akaikazia macho, akairudisha, akaniuliza, "Haya mwanangu, wewe ndiye mwenye ufunguo. Tufanyeje?"

Nikamwambia, "Mama, nipe muda nilete pande zote mbili zikiwa na namba." Na hivyo ndivyo ninavyomshauri kila anayeletewa klipu kama ile. Chora mstari katikati ya karatasi, na kila upande uandike hoja zake zenye nguvu, zile ambazo hata mpinzani hawezi kuzikana.

Upande wa anayesema dola inashuka: mwaka 1999 kama asilimia 71 ya akiba za benki kuu duniani ilikuwa dola, na mwaka 2024 imebaki kama 58. Mwaka 2022 Marekani na washirika wake walizuia akiba ya Urusi ya karibu dola bilioni 300, na nchi nyingine zikajiuliza itakuwaje zikikosana nao. Benki kuu zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu kila mwaka, 2022, 2023 na 2024. Benki Kuu yetu nayo inanunua dhahabu ya ndani. Wakia moja ilivuka dola 3,000 Machi 2025 na dola 4,000 Oktoba.

Upande wa pili: karibu miamala tisa katika kila kumi ya kubadilisha fedha duniani ina dola upande mmoja. Mafuta yanauzwa kwa dola. Tairi zangu kutoka China zinalipiwa kwa dola. Hata hiyo dhahabu tumeitajia bei kwa dola.

Ukizitazama karatasi hizo utaona hawapingani sana. Mmoja anazungumzia mwendo wa miaka 25, mwingine anazungumzia mzigo wa mwezi ujao. Bwana wa klipu amechukua jambo la miaka 25 akaliwekea haraka ya leo jioni, na chini ya klipu palikuwa na namba ya kumtumia hela. Basi swali la kuuliza kila mara ni hili: anayenihimiza anauza nini? Asiyeuza kitu huwa hana haraka.

Hatukununua dhahabu. Si kwa kuwa dhahabu ni mbaya. Akiba yetu ina mgao mwezi Desemba, na kitu kinachoweza kushuka mwezi mmoja kabla ya mgao hakifai kwa hela ya ada za watoto. Mwenye hela asiyoihitaji kwa miaka anaweza kufikiri tofauti na sisi, na awe sahihi.

Kuhusu hisa za akili mnemba, nitasema kidogo. Nvidia, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za akili mnemba, ilifika thamani ya dola trilioni 5 Oktoba 2025, na wachumi wanabishana kama ni povu au ni mapinduzi ya kweli. Mlango wake kwetu ni mwembamba: masoko makubwa yakishtuka, wenye fedha mara nyingi hukimbilia penye usalama na sarafu za nchi kama yetu hutikisika. Hatari iliyo karibu zaidi ni wanaotumia jina la akili mnemba na foreksi (biashara ya kubadilisha fedha za kigeni) kukusanya hela mitaani kwa ahadi ya faida ya kila wiki. Waliokumbwa na DECI, mchezo wa upatu uliofungwa mwaka 2009, wanaikumbuka sura hiyo. Kabla ya kutoa hata elfu kumi, hakikisha jina la kampuni limo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Riba, na mahali pa kuweka hela ya muda mrefu

Mlango huu ndio unaosahaulika na ndio wenye faida kwa mtu wa kawaida. Tangu Januari 2024 Benki Kuu yetu inaongoza uchumi kwa kutangaza riba yake: ilianza na asilimia 5.5, Aprili ikawa 6, Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Riba zikishuka, hatifungani za zamani zinazolipa zaidi hupanda bei.

Tuchukue ya nyumbani. Februari 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ilitoa hatifungani ya kijani (ya miradi inayojali mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili kwa mwaka, kwa ajili ya miradi ya maji. Mwenye shilingi milioni moja humo anapata 135,000 kwa mwaka, yaani 67,500 kila nusu mwaka. Imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo inauzwa na kununuliwa. Ukikuta mtu anaiuza kwa 105, maana yake unatoa 1,050,000 kwa kila milioni, na riba inabaki 135,000 ileile. Riba unayopata kwa mwaka ni kama asilimia 12.9 ya ulichotoa, na mwishoni utarudishiwa milioni moja, siyo ile hamsini elfu ya juu. Piga hesabu hiyo kabla ya kusaini, dalali hatakupigia.

Za Serikali unaanza na shilingi milioni moja. Nenda benki yako au kwa dalali mwenye leseni na kitambulisho cha NIDA na picha, ufunguliwe akaunti ya dhamana, inayotunza kumbukumbu za hatifungani zako. Majina ya NIDA na ya akaunti ya benki yafanane herufi kwa herufi. Hapo ndipo wengi hurudishwa. Kikundi kiende na cheti cha usajili, katiba, na muhtasari wa mkutano ulioridhia, wenye sahihi za wote. Minada hufanyika Jumatano kwa kalenda iliyotangazwa na Benki Kuu, na mwekezaji mdogo aombe zabuni isiyo ya ushindani, apewe bei ya wastani ya mnada. Peleka fomu siku mbili tatu kabla, na hela iwe imeshaingia kwenye akaunti.