Kunyamazisha jeni ya MERTK kwenye seli za retina: kazi inaanzia mezani

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa kwetu wanaosoma bayolojia ya seli vyuoni, wale wanaorudi Lamu likizo wakidhani utafiti umesimama kwa sababu hapa hakuna maabara ya kukuza seli. Haujasimama. Nusu ya jaribio la kunyamazisha jeni, yaani kuizuia isitoe protini yake, hufanywa kwa kompyuta, daftari na intaneti, na nusu hiyo ndiyo inayoamua kama nusu ya pili itakuwa na maana yoyote. Mimi hupangia kazi yangu nyumbani Mkomani, hapa Lamu. Seli zenyewe ziko bara, na nikishuka jeti ya Mokowe huwa nimeshajua kila kisima (kitundu) cha sahani ya kukuzia seli kitatiwa nini.

Mbinu yenyewe kwa ufupi. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba RNA yenye nyuzi mbili ikiingizwa kwenye mnyoo mdogo huzima jeni yenye mfuatano uleule. Mwaka 2006 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 2001 kundi la Thomas Tuschl likathibitisha kwamba vipande vifupi vya RNA vya nyukliotidi (herufi) 21, ndivyo tunaviita siRNA, vinafanya kazi hiyo ndani ya seli za mamalia. Uzi mmoja wa siRNA hushikwa na protini iitwayo Argonaute 2, ukaiongoza hadi kwenye RNA mjumbe (nakala ya jeni inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) inayolingana nao, nayo ikaikata. DNA haiguswi. Ujumbe unakatwa njiani, protini haitengenezwi.

Hatua ya 1: Chagua jeni ambayo seli zako zinaitumia kweli

Nyuma ya seli za retina zinazopokea mwanga kuna safu moja ya seli zenye rangi nyeusi, tabaka la rangi. Kazi zake ni nyingi, lakini hapa tunashika moja: kula masalia. Seli za mwanga hupukutisha ncha zao kila siku, karibu asilimia 10 ya sehemu ile ya nje, na upukutishaji wa seli za fito (zile za kuonea penye mwanga hafifu) hupamba moto asubuhi mwanga unapoingia. Tabaka la rangi humeza vipande hivyo na kuvisaga. Kipokezi kinachotoa amri ya kumeza ni protini MERTK. Mwaka 2000 ilibainika kwamba panya wa ukoo wa RCS, waliojulikana kwa miaka mingi kwa kupofuka, jeni yao ya Mertk imeharibika. Mwaka huohuo mabadiliko ya jeni hiyo yakapatikana kwa watu wenye retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoharibu retina. Mgonjwa wa aina hii huanza kwa kutoona vizuri magharibi ikishaingia, kisha uwanja wa kuona unazidi kuwa mwembamba.

Seli tutakazotumia ni ARPE-19, ukoo wa seli za tabaka la rangi la binadamu, zilizotokana na jicho la kijana wa miaka 19 na kutangazwa mwaka 1996. Hukua kwenye midia (maji ya lishe) ya DMEM/F12 yenye seramu (majimaji ya damu) asilimia 10, nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Zina MERTK na zinakula. Usichague RPE65, jeni nyingine ya tabaka la rangi, kwa sababu tu ni maarufu: ARPE-19 zikikuzwa kwa njia ya kawaida huitengeneza kidogo mno, na jeni ambayo tayari imenyamaza huwezi kuinyamazisha. Kabla ya kuagiza chochote, pima kwa qPCR (kipimo cha kiasi cha RNA) kama jeni yako inasikika.

Jambo moja nilitoe hapa, maana nikieleza kazi hii barazani swali ni lilelile: je, hii itamponya ami yangu? La. Mgonjwa wa MERTK tayari amepungukiwa na protini hiyo. Sisi tunaipunguza kwenye sahani ili tuuige ugonjwa wake na kuuchunguza. Kunyamazisha kama tiba kunafaa zaidi pale nakala mbovu ya jeni inapoleta madhara hata kama nakala nzuri ipo, kama ilivyo kwa badiliko liitwalo P23H kwenye rodopsini, protini inayonasa mwanga kwenye seli za fito. Tena si kila asiyeona usiku ana ugonjwa wa jeni. Upungufu wa vitamini A nao hufanya hivyo, na huo unatibika. Mtu apelekwe kwa daktari wa macho kwanza.

Hatua ya 2: Buni siRNA tatu

Fungua NCBI, hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano ya jeni, tafuta MERTK ya binadamu, chukua mfuatano wa RNA mjumbe wa kumbukumbu (namba yake huanza na NM_). Nenda kwenye sehemu inayosimba protini, ruka nyukliotidi 100 hivi za mwanzo, kisha tafuta vipande vya nyukliotidi 19 vinavyotanguliwa na AA (19 na hizo mbili ndizo 21).

Tuchukue kipande cha mazoezi, ambacho nimekibuni tu na hakikutoka kwenye jeni yoyote:

GCAUUGACUACGAAUUGAA

Hesabu G na C: ni 7 kati ya 19, karibu asilimia 37. Tunataka kati ya 30 na 52, basi kimefaulu. Hakuna herufi moja iliyojirudia mara nne mfululizo, vizuri. Sasa tazama ncha. Upande wa kushoto kuna GC, jozi zinazoshikana kwa nguvu. Kulia kuna GAA, jozi mbili za mwisho ni legevu. Hivyo ndivyo tunavyotaka, kwa sababu Argonaute hupendelea kuchukua uzi ambao mwanzo wake uko kwenye ncha legevu. Uzi huo, uzi wetu wa uongozi, utasomeka:

UUCAAUUCGUAGUCAAUGC

Ukigeuza ncha hizo, seli itachukua uzi usio sahihi na wewe utalaumu dawa ya kuingizia siRNA kwenye seli.

Peleka kila kipande BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano, ukichagua RNA za binadamu. Kikilingana na jeni nyingine kwa nyukliotidi 16 au zaidi zinazofuatana, kitupe. Lakini BLAST safi isikulaze usingizi. Nyukliotidi ya 2 hadi ya 8 ya uzi wa uongozi (hapo juu ni UCAAUUC) zinaitwa mbegu, na mbegu peke yake yatosha kubana jeni nyingine kadhaa ambazo hukuzikusudia, kwa njia ileile inayotumiwa na mikroRNA, RNA fupi za seli yenyewe. Herufi saba hupatikana kila mahali. Huwezi kulikwepa hilo kabisa. Unachoweza ni kuchagua siRNA tatu zenye mbegu tofauti, zinazopiga sehemu tatu tofauti za MERTK. Zikileta matokeo mamoja, ndipo tuzungumze.

Wauzaji watakushawishi ununue mchanganyiko wa siRNA nne kwenye kichupa kimoja. Kwa uchunguzi wa haraka sawa. Kwa kazi ya kuelewa ugonjwa, mimi sinunui: ni pilau iliyokuwasha ulimi nawe huwezi kusema ni bizari gani.

siRNA husafirishwa zikiwa kavu na hustahimili safari ya joto la kawaida. Zikishayeyushwa kwenye maji yasiyo na vimeng'enya vya kula RNA, zigawe kidogo kidogo na uzigandishe. Vimeng'enya hivyo viko kwenye vidole vyako, kwa hiyo vaa glavu hata kama unashika kichupa tu.

Hatua ya 3: Vidhibiti, na kisa cha kuvichukulia kwa uzito

Vidhibiti ni visima vya kulinganishia. Hapa ndipo wengi hupapasa, na ndipo ningetaka ukae zaidi kuliko pengine popote.

Miaka ya 2000 macho ndiyo yaliyokuwa tumaini kubwa la siRNA. Jicho ni dogo, limefungika, dawa huchomwa moja kwa moja ndani. Bevasiranib, siRNA iliyolenga VEGF, protini inayochochea mishipa ya damu kuota mahali pasipotakiwa kwenye retina za wazee, ilifika hadi majaribio ya awamu ya tatu, yakasitishwa mwaka 2009. Mwaka mmoja kabla, utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulikuwa umeonyesha kitu cha kutisha: kwenye macho ya panya, siRNA za nyukliotidi 21 au zaidi zilizuia mishipa kuota hata zikiwa hazilengi jeni yoyote ya mnyama. Zilikuwa zikiamsha TLR3, kipokezi cha kinga kilicho juu ya seli ambacho hudhani RNA ya nyuzi mbili ni virusi. Mishipa ilizuiwa, ndiyo, ila si lazima kwa sababu iliyodhaniwa.

Kwa hiyo sahani yetu ya visima 24 tuigawe makundi nane ya visima vitatu vitatu. Kundi la kwanza seli zisizoguswa. La pili lipidi (mafuta yanayoingiza siRNA ndani ya seli) peke yake bila siRNA, maana lipidi nayo husumbua seli. La tatu na la nne siRNA mbili tofauti zisizolenga jeni ya binadamu, za urefu uleule na kemia ileile kama zako. La tano siRNA inayojulikana kufanya kazi, kwa mfano dhidi ya jeni ya PPIB, ili ujue kama siRNA imeingia. La sita, la saba na la nane ndizo siRNA zako za MERTK. Hesabu vizuri: visima 15 kati ya 24 havina siRNA ya MERTK ndani yake. Msimamizi akiona ni ufujaji, mweleze kisa cha bevasiranib.

Linganisha makundi ya siRNA za MERTK na kundi la tatu na la nne, kamwe si na seli zisizoguswa. Na visima vitatu vya siku moja si marudio matatu. Rudia jaribio zima kwa siku tofauti, na seli za kizazi tofauti.

Hatua ya 4: Hesabu

Tunataka siRNA nanomola 10 (nanomola na mikromola ni vipimo vya ukolezi, pikomoli ni kipimo cha kiasi). Kila kisima kitakuwa na mikrolita 500 za seli na mikrolita 100 za mchanganyiko, jumla 600. Nanomola 10 ndani ya mikrolita 600 ni pikomoli 6. Akiba yako ni mikromola 20, yaani pikomoli 20 kwa kila mikrolita. Utahitaji mikrolita 0.3. Kiasi hicho ni vigumu kukipima kwa pipeti kwa uaminifu. Zimua akiba mara kumi iwe mikromola 2, kisha uchukue mikrolita 3.

Kwa visima vitatu andaa vya 3.3, ili usipungukiwe: Opti-MEM (midia ya kuchanganyia) mikrolita 330, siRNA iliyozimuliwa mikrolita 10, Lipofectamine RNAiMAX (ndiyo lipidi yetu) mikrolita 3.3. Usipandishe dozi ukidhani utanyamazisha zaidi. Kadiri dozi inavyopanda, ndivyo mbegu zinavyobana jeni zisizohusika.

Hatua ya 5: Siku ya kuingiza

Fupi tu. Seli ziwe zimepimwa mikoplazma (bakteria wadogo wanaochafua seli) na ziwe bado zinagawanyika. Changanya siRNA na lipidi kwenye Opti-MEM isiyo na seramu, subiri dakika 10 hadi 20, weka mikrolita 100 kwenye kila kisima, kisha mwagia juu seli 50,000 zilizo kwenye midia yenye seramu lakini isiyo na antibiotiki. Tikisa sahani mbele na nyuma. Ukiizungusha seli zitarundikana katikati. Andaa sahani tatu: moja ya RNA, moja ya protini, moja ya kulisha seli (hatua ya 7).

Hatua ya 6: Je, imenyamaza?

Vuna RNA saa 48 baadaye. Primeri (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha qPCR) ziwekwe mahali eksoni mbili (sehemu za jeni zinazobaki kwenye RNA mjumbe) zinapokutana ili usipime DNA. Ct ni idadi ya mizunguko ya kurudufu hadi jeni ionekane, na GAPDH ni jeni ya kulinganishia. Tuseme kwenye kidhibiti Ct ya MERTK ni 24 na ya GAPDH ni 17, tofauti 7. Kwenye siRNA yako MERTK ni 27, GAPDH 17, tofauti 10. Kumi toa saba ni 3. Mbili kwa kipeo cha hasi tatu ni 0.125. Imebaki asilimia 12.5, umenyamazisha 87.5.

Usishangilie bado. RNA ikipotea, protini iliyotengenezwa juzi ingali juu ya seli. Subiri saa 72, fanya Western blot, kipimo cha protini. Ikiwa protini haijapungua, jaribu saa 96 kabla ya kuitupa siRNA. Kumbuka pia kwamba seli zikigawanyika siRNA inagawanywa nazo, na baada ya kama wiki moja jeni hurudi. Anayetaka kuzikuza ARPE-19 kwa majuma hadi zijipange vizuri kama tabaka atahitaji shRNA, RNA ya kunyamazisha ambayo seli huitengeneza yenyewe baada ya jeni yake kuingizwa kwa kirusi kiitwacho lentivirusi, na hilo ni somo jingine.

Hatua ya 7: Zilishe

Chakula ni sehemu za nje za seli za mwanga kutoka macho ya ng'ombe au nguruwe. Kwa kwetu, bila shaka, ng'ombe. Panga na machinjio mapema na umweleze mchinjaji unachotaka na kwa nini, la sivyo atakuangalia kwa jicho lisilo zuri. Macho yawe mabichi, yakae kwenye barafu gizani, na retina zitolewe chini ya taa nyekundu hafifu. Sehemu za nje hutenganishwa kwa mteremko wa sukari (maji ya sukari yenye ukolezi unaopanda) kwenye mashine ya kuzungusha, kisha hutiwa rangi ya FITC inayong'aa.

Wape seli sehemu kumi kwa kila seli, saa 3 hadi 5. Midia iwe na seramu! MERTK haiamki yenyewe. Huamshwa na protini nyingine, Gas6 au Protini S, na kwenye sahani Protini S hutoka katika seramu. Ukiondoa seramu, hata seli zenye afya zitashika chakula bila kumeza, na utadhani umegundua kitu.

Kutofautisha kilichoshikwa na kilichomezwa, ongeza buluu ya tripani. Inazima mng'ao wa FITC ulio nje ya seli. Ule wa ndani haiufikii. Pima kabla na baada. MERTK ikiwa imenyamaza kweli, kushika kutabaki karibu na kawaida, maana hiyo ni kazi ya kipokezi kingine, integrini αvβ5, lakini kumeza kutaanguka. Vyote viwili vikianguka pamoja, shuku kwamba seli zako ni wagonjwa, si kwamba MERTK imezimwa.

Hatua ya 8: Irudishe

Agiza plazmidi (duara la DNA) ya MERTK ambayo herufi zake, pale siRNA inapopiga, zimebadilishwa bila kubadilisha asidi amino. Protini ni ileile, siRNA haiitambui. Iingize kwenye seli zilizonyamazishwa, hakikisha kwa Western blot kwamba protini imerudi, kisha lisha tena. Kumeza kukirudi, ni MERTK. Protini ikirudi na kumeza kusirudi, siRNA ile ilikuwa inabana kitu kingine: itoe kwenye matokeo, andika mbegu yake kwenye daftari ili usiichague tena, na urudi hatua ya 2.